Anayekula usiku si mlozi wala mlafi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo ukurasa wetu wa usalama na afya hautazungumza juu ya kofia, viatu wala miwani ya kazi. Utazungumza juu ya sufuria.

Mama, jana jioni uliacha bukari kidogo na samaki, chakula cha watoto kabla ya kwenda masomoni. Asubuhi umefunua sufuria, hakuna kitu. Mkate uliouficha juu ya kabati nao haupo. Umewauliza watoto, kila mmoja ameapa kwamba si yeye. Baba yao ameketi kimya. Chai iko mbele yake, haigusi. Anasema hana njaa, anachukua kofia yake, anakwenda kazini. Juma lililopita ilikuwa vivyo hivyo. Na usiku, ulipogeuka kitandani, mahali pake palikuwa baridi.

Kwetu maneno haya mawili, «kula usiku», yana sauti mbaya. Anayekula usiku, tunasema, ni mlozi. Kwa hiyo mtu anayeamka katikati ya usiku na kwenda kufunua sufuria anaona haya mara mbili: anaogopa bibi yake amwite mlafi, tena anaogopa jirani amfikirie mambo mengine. Anakula gizani, haraka, bila ladha, kisha anarudi kulala na aibu yake. Kesho yake anafanya tena.

Maoni yangu ni haya, nami nayasema wazi: mtu huyo anaweza kuwa mgonjwa, na ugonjwa wake una jina, una sababu, una dawa. Kinachomwumiza kuliko ugonjwa wenyewe ni kuuficha. Na kwa mtu wa kazi ya madini, kuuficha kunaweza kuua.

UGONJWA GANI HUO?

Mwaka 1955 daktari mmoja wa Marekani, Albert Stunkard, pamoja na wenzake, aliandika juu ya wagonjwa wanene aliokuwa akiwatunza. Aliona kwamba wengine kati yao walifanana kwa mambo matatu: asubuhi hawakuwa na hamu ya chakula, jioni na usiku walikula sana, na usingizi haukuja. Aliuita ugonjwa wa kula usiku. Tangu hapo waganga wameendelea kuuchunguza. Mwaka 2010 wachunguzi walipatana juu ya alama zake, na mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuandika katika kitabu chao cha magonjwa, katika sehemu ya magonjwa ya kula.

Shika alama hizi vizuri. Ya kwanza: mtu anakula robo nzima ya chakula chake cha siku, au zaidi, baada ya chakula cha jioni, au anaamka usingizini na kula angalau mara 2 kwa juma. Ya pili: anajua anachofanya, na asubuhi anakumbuka. Ya tatu: mambo haya yanamsumbua, nayo yamedumu miezi 3 au zaidi. Pamoja na hayo, waganga wanatafuta angalau matatu kati ya haya matano: asubuhi nyingi hataki kula, jioni au usiku anashikwa na hamu kubwa ya kula, siku nyingi za juma usingizi unakatika au hauji, anaamini kwamba asipokula hataweza kulala tena, na moyo wake ni mzito, hasa jua likishatua.

Usifikiri ni ugonjwa wa wanene tu. Watu wembamba nao wanaupata. Usifikiri tena ni wa wanaume tu. Mama anayezunguka jikoni usiku wakati nyumba nzima inalala naye ajiangalie.

SIRENE MBILI KATIKA MJI MMOJA

Wazee watasema: «Huo ni ulafi tu. Mwanamume afunge moyo wake.» Nawaheshimu wazee, lakini hapa sikubaliani nao. Mlafi anapenda chakula mchana kweupe, mbele ya watu, na asubuhi ndiye wa kwanza kuuliza mkate. Huyu wetu asubuhi hawezi kumeza kitu. Mlafi anafurahia chakula. Huyu anakula akiwa na huzuni, na mara nyingi hatafuti kitu kitamu, anatafuta usingizi.

Sababu iko wapi? Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, Mungu ameweka saa. Saa hiyo inafuata mwangaza wa jua, nayo inauambia mwili wakati wa kulala, wa kuamka, wa kusikia njaa, hata wakati wa kongosho kutoa insulini, ile inayoondoa sukari katika damu. Si hadithi: mwaka 2017 wachunguzi watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa zawadi ya Nobel kwa kuonyesha namna saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili.

Wewe unayekaa katika mji wa mgodi unajua sirene. Sirene moja ikilia, wote wanajua: hawa wanaingia, wale wanatoka. Sasa fikiri mji wenye sirene mbili, na ya pili inachelewa kwa saa nyingi. Kazi itavurugika. Ndivyo ilivyo ndani ya mwili wa mgonjwa huyu. Sirene ya usingizi inalia kwa wakati wake, naye anakwenda kulala kama watu wote. Lakini sirene ya chakula imechelewa. Asubuhi mwili haujaita chakula. Unakuja kukiita wakati mwenyewe yuko kitandani. Mashaka, deni, kifo katika jamaa, ugomvi wa nyumbani, yote haya yanaweza kuzidisha kuchelewa huko.

HAPANA KUCHANGANYA MAMBO

Si kila anayekula usiku ana ugonjwa huu. Tutenganishe.

Mtu wa posti ya usiku, anayeingia saa 23 na kutoka saa 7 ya asubuhi, akifungua chakula chake katikati ya kazi si mgonjwa. Anafanya kazi, lazima ale. Lakini angalia: kama amerudi posti ya mchana, na miezi imepita, bado anaamka kila usiku kwenda kwenye sufuria, basi aende kuonana na daktari.

Mtu aliyeshinda na njaa mchana kwa sababu chakula hakikutosha, akila usiku si mgonjwa vilevile. Ana njaa. Dawa ya njaa ni chakula, si mashauri. Tusijifiche nyuma ya jina la ugonjwa ili tusione nyumba ambamo mfuko wa unga umekwisha kabla ya mshahara.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini au vidonge, akiamka usiku anatetemeka, ametoka jasho, moyo unapiga mbio na njaa inamshika, huenda sukari yake imeshuka sana. Huyo apewe kitu cha sukari mara moja, maana ni hatari ya kifo, na kesho yake aende hospitali wampimie dawa zake upya. Mtu wa namna hii usimzuie kula kamwe.

Tena kuna anayekula akiwa katika usingizi, na asubuhi hakumbuki lolote. Anaona makombo tu kitandani. Huo ni ugonjwa mwingine, wa usingizi. Dawa fulani za kulala, kama zolpidem, zinaweza kuuleta. Ndiyo sababu nasema kila mara: usinunue dawa ya usingizi sokoni.

Na mtoto? Hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri. Mtoto anayeamka usiku na kuiba chakula ana njaa, au ana minyoo, au ana huzuni, au ni mgonjwa. Si mlozi. Tunajua wote watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya maneno ya namna hiyo, wakaishia barabarani. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 imekataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto imeweka kifungo kwa anayefanya hivyo. Kabla ya kwenda kwa mfumu, mpeleke mtoto kwa muuguzi.

KWA NINI UKURASA WA USALAMA?

Mtu ataniuliza: «Mambo ya sufuria ya nyumbani yanahusu nini na usalama wa kazi?» Yanahusu sana.

Anayeamka mara 2 au 3 kila usiku hana usingizi wa kweli. Kesho yake anapanda gari kubwa la kubeba mawe, au anashika mashine ya kutoboa, au anasimama karibu na mkanda unaokimbia. Mwaka 1997 wachunguzi wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 anafanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye gramu 0.5 ya pombe katika lita moja ya damu. Hatungemruhusu mlevi kushika usukani katika mgodi. Kwa nini basi hatumwulizi mwenzetu mwenye macho mekundu kama amelala?

Kisha afya. Usiku insulini haifanyi kazi vizuri kama mchana. Bukari ile ile ikiliwa katikati ya usiku inapandisha sukari katika damu kuliko ikiliwa mchana. Mwaka 2021 wachunguzi wa Marekani walitangaza majaribio waliyofanya kwa watu 19 wenye afya, wakiwaweka macho usiku kama watu wa posti. Waliokula usiku, sukari ya damu yao ilipanda. Waliokesha vilevile lakini wakala mchana tu, haikupanda. Watu 19 si wengi, lakini funzo linaeleweka: mwili unaweza kukesha kazini bila tumbo kukesha pamoja nao.

NINI CHA KUFANYA

Kwanza, sema. Mwambie bibi yako au bwana yako kabla hajakukuta gizani. Maneno machache yanatosha: «Mimi ndiye ninayekula usiku, nami siwezi kuacha peke yangu.» Ukisema hivyo, watoto hawatashtakiwa tena kwa kosa lisilo lao.

Pili, nunua daftari ndogo ya masomoni. Kila mara unapokula baada ya chakula cha jioni, andika: saa, ulichokula, na ulichokuwa ukifikiri. Fanya hivyo kwa majuma 2. Daftari hiyo itakuonyesha mambo usiyoyajua, na daktari ataisoma kama fundi anavyosoma daftari ya mashine.

Tatu, rudisha chakula mchana. Kula asubuhi, hata kama huna hamu: uji kidogo, au mkate na njugu. Usidharau kikombe cha uji, maana ndicho kinachorekebisha sirene iliyochelewa. Kula adhuhuri. Jioni kula chakula cha kweli, bukari na sombe na samaki, mapema, mkiwa pamoja mezani. Kisha mama aoshe vyombo, chakula kifunikwe, jiko lifungwe. Asubuhi toka nje upate jua.

Nne, ukiamka usiku, usiwashe taa wala simu. Kunywa maji. Kaa kitandani, pumua polepole, jiambie: hii si njaa, ni sirene inayolia vibaya. Ngoja kidogo kabla ya kusimama. Usiku mwingine utashindwa. Usijitukane, andika katika daftari, kesho uanze tena.

Tano, usitafute usingizi katika lutuku au bia. Pombe inakulaza upesi, halafu inakuamsha katikati ya usiku, na moyo ukiwa mzito zaidi.

Wewe wa posti ya usiku, kula chakula kizima nyumbani kabla ya kutoka. Kazini beba kitu chepesi, kama njugu, ndizi, yai au mkate, na maji mengi. Tangu usiku wa manane mpaka alfajiri acha chakula kizito na vinywaji vya sukari. Kahawa inywe mwanzoni mwa kazi, si mwishoni. Ukirudi, kula kidogo, kisha lala mahali penye giza na kimya. Lakini kama una ugonjwa wa sukari na unatumia dawa, usibadili saa za kula kabla ya kusema na daktari.

Sita, kama majuma yanapita na hali ni ile ile, nenda hospitali. Usiseme tu «silali vizuri». Sema yote. Iko namna ya kutibu kwa mazungumzo, ambayo inamfundisha mtu kuvunja mnyororo kati ya kuamka na kula. Ziko pia dawa. Mwaka 2006 wachunguzi walijaribu dawa iitwayo sertralini kwa wagonjwa 34, nusu wakipewa dawa yenyewe na nusu kidonge kisicho na dawa ndani. Katika wale 17 waliopewa dawa, 12 walipata nafuu kubwa. Katika wale wengine 17, ni 3 tu. Dawa hiyo inatolewa na daktari peke yake, kwa kipimo chake. Na kama moyo ni mzito mpaka mtu anafikiri heri kufa, asingoje kesho. Aende leo, na asiachwe peke yake.

NENO KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, najua unavyohesabu kila kilo ya unga. Sufuria tupu asubuhi ni hasara, nawe una haki ya kukasirika. Lakini ukimtukana mbele ya watoto, atakwenda kula mahali pengine, nawe hutajua lolote tena. Kufuli ya jikoni ni nzuri mkiwa mmepatana wote wawili, naye mwenyewe ameiomba. Ukiifunga kwa hasira imekuwa gereza. Tena ile daftari ni ya ugonjwa. Usiisome kwa mashemeji.

Asubuhi atakapomeza kijiko cha kwanza cha uji, usiseme kitu. Mwongezee.

NENO KWA WAKUBWA WA KAZI

Nawe kapita, nawe mkubwa wa idara, sehemu yenu ipo. Mtu wa posti ya usiku akikuta mlango wa kantini umefungwa, na kitu pekee kinachouzwa karibu ni mikate ya mafuta na soda, msimlaumu peke yake akiharibika. Posti ya usiku ina haki ya chakula chepesi na cha moto, kabla usiku haujawa mkubwa, na maji safi ya kunywa. Wanaopanga zamu wasimrushe mtu kutoka posti hii hadi ile bila siku za kupumzika, maana saa ya mwili haigeuzwi kwa siku moja kama saa ya ukutani.

Juu ya yote, mfanyakazi akija kusema «Mkubwa, usiku huu sikulala, leo sistahili kushika usukani», msimhesabu mvivu. Mpatieni kazi ya chini siku hiyo. Anayesema hivyo ameokoa gari, pengine na maisha ya mwenzake. Mkimwadhibu, hakuna mwingine atakayesema tena.

Ndugu msomaji, labda mambo haya hayakuhusu. Unalala usiku mzima na asubuhi unakula vizuri. Mshukuru Mungu. Lakini katika kundi lako la kazi yuko pengine mmoja ambaye kila asubuhi anasema hana njaa, na macho yake ni mekundu. Hesabu zilizofanywa Marekani zilikuta ugonjwa huu kwa mtu 1 au 2 katika watu 100. Mgodini tuko wengi zaidi ya 100. Usimcheke. Mpe ukurasa huu ausome, au umsomee.

Na wewe mwenyewe unayejijua, leo usiku, kabla ya kuzima taa, mwambie mtu mmoja.